Tusome vipi funguzi za sataranji kwa michezo ya magwiji?

Swali la msomaji kutoka Masasi, Mtwara: "Nafundisha hisabati sekondari, na jioni nina vijana tisa wa sataranji, bodi tatu na simu moja. Tumekariri ufunguzi wa Kiitaliano hadi hatua ya 12, lakini mpinzani akitoka nje ya tulichokariri kwenye hatua ya 3 au ya 4, tunapotea kabisa. Nimepakua michezo yenye maelezo ya magrandmasta. Usiku nikisoma naelewa, asubuhi sikumbuki kitu. Tuisome vipi?"

Mwalimu, unamfahamu mwanafunzi aliyekariri jibu la mfano wa ubaoni. Badilisha namba moja tu kwenye swali, kalamu yake inasimama. Hatua zenu 12 zimekaa kichwani kwa namna hiyo. Kila hatua nzuri ya ufunguzi inajibu swali fulani: mpinzani anatishia nini, kipande gani hakijapata pa kukaa, askari gani atasukumwa baadaye. Aliyekariri majibu bila maswali yake hana la kufanya mpinzani anapouliza swali jingine.

Watazameni wazee wanaocheza bao. Katika bao la Kiswahili kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi, na kipindi cha namua, cha kuingiza kete za mkononi kabla ya kuingia mtaji ambapo kete zote ziko ubaoni, ndicho ufunguzi wao. Hakuna mzee anayeikariri namua kete kwa kete. Anajua kwa nini analinda nyumba yake na lini aitumie, ndiyo maana akija mgeni kutoka Kilwa mwenye mtindo wake, hababaiki. Funguzi za sataranji zinasomeka vivyo hivyo, na michezo iliyofafanuliwa na magrandmasta ndiyo mahali pazuri kuliko pote pa kuyapata maswali hayo, ilimradi mchezo usomwe mpaka mwisho na mikono iwe kwenye bodi.

Nitatumia alama za kimataifa kwa kuwa ndizo mtakazozikuta kwenye programu zote: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Mraba hutajwa kwa herufi ya safu, a hadi h, na namba ya mstari, 1 hadi 8, kuanzia upande wa Nyeupe. Nukta tatu baada ya namba, kama 3...Bc5, ni hatua ya Nyeusi. Alama x ni kula, + ni kumtishia mfalme, na O-O ni kumpeleka mfalme upande wa karibu penye usalama.

Tuanze na pale mnapopotea. Kiitaliano kinaanza 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4, nanyi mnasubiri 3...Bc5. Mpinzani anacheza 3...Nd4. Hatua hiyo haimo kwenye daftari lenu. Askari wa e5 amebaki bila mlinzi, na kijana aliyekulia kwenye kijiwe cha drafti atamla palepale, kwa sababu kwenye drafti kula ni lazima. Hebu tuone:

4.Nxe5 Qg5 5.Nxf7 Qxg2 6.Rf1 Qxe4+ 7.Be2 Nf3

na mfalme wa Nyeupe amekufa. Askofu wa e2 hawezi kumla farasi wa f3, maana akiondoka malkia wa e4 anamfikia mfalme.

Sasa ulizeni swali la ufunguzi: kila upande umetoa vipande vingapi? Nyeusi imemchezesha farasi yuleyule mara mbili na hakuna kingine kilichotoka. Nyeupe ina farasi na askofu nje. Aliye mbele kwa vipande hana haja ya kukimbilia askari mmoja. Anachotaka ni kumfuta yule farasi mzururaji na kumsitiri mfalme. Kwa hiyo 4.Nxd4 exd4 5.O-O. Nyeusi imebaki na askari wawili kwenye safu moja ya d, haina kipande hata kimoja nje, na Nyeupe itafuata na d3 au c3. Hapa hakuna kilichokaririwa. Swali moja limetosha, na litatosha kwenye hatua nyingine nyingi za ajabu mtakazokutana nazo. Nimeligusia drafti kwa makusudi, mwalimu. Wachezaji wa drafti wana macho makali ya kuona kula mfululizo, na hilo ni mtaji mkubwa kwenye sataranji. Tabia moja tu ndiyo ya kuwaondolea mapema: ile ya kula kwa sababu kipo cha kuliwa.

Sasa kuchagua michezo. Watu wengi hupakua michezo ya mabingwa wa miaka hii na kushangaa kwamba hawaelewi kitu. Sababu iko wazi: wachezaji wawili wa kiwango hicho wanajuana mipango, kila mmoja anamzuia mwenzake kabla mpango haujaonekana, na mnachokiona ubaoni ni hatua ndogondogo zisizoeleweka. Michezo ya zamani, ambamo mmoja anajua na mwingine hajui, inaonyesha mpango ukizaliwa, ukikua na kumaliza kazi. Kwa vijana wako ningeanza na Morphy, Rubinstein na Capablanca, kisha Fischer na Karpov. Michezo ya leo ije mwaka wa pili.

Mchezo wa Morphy dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard, Paris 1858, utawafaa kwa wale wapinzani wanaojibu 2...d6. Hatua za mwanzo ni 1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.d4 Bg4 4.dxe5 Bxf3. Mwulize kijana: kwa nini Nyeusi ilimtoa askofu kwa farasi haraka hivyo? Kwa sababu 4...dxe5 inaleta 5.Qxd8+ Kxd8 6.Nxe5: malkia wakishaondoka, farasi wa f3 hana tena cha kumshikilia, na askari wa e5 ameliwa bure. Kumbe askofu wa g4 alitoka kumbana farasi kabla hajawa na kazi ya kweli pale. Mchezo wote ni hatua 17 tu, mnaumaliza jioni moja.

Mchezo ninaotaka mkae nao wiki nzima ni mwingine: Georg Rotlewi dhidi ya Akiba Rubinstein, Łódź, 1907. Ufunguzi wake si Kiitaliano, lakini sijaona mchezo unaofundisha thamani ya hatua moja kwa uwazi kama huu, na mwalimu wa hisabati ataufurahia kwa kuwa unahesabika.

1.d4 d5 2.Nf3 e6 3.e3 c5 4.c4 Nc6 5.Nc3 Nf6 6.dxc5 Bxc5 7.a3 a6 8.b4 Bd6 9.Bb2 O-O 10.Qd2 Qe7 11.Bd3 dxc4 12.Bxc4 b5 13.Bd3 Rd8 14.Qe2 Bb7 15.O-O

Simamisheni hapo, mpange bodi, kisha mmoja asimame upande wa Nyeupe na mwingine upande wa Nyeusi. Waambie watafute tofauti. Askari ni sawasawa kama kwenye kioo: a3, b4, e3 kwa a6, b5, e6. Farasi sawa, askofu sawa, malkia sawa, wafalme sawa. Tofauti ni mbili: Nyeusi tayari ina ngome d8, na zamu ni ya Nyeusi. Upande ulioanza wa pili sasa uko mbele. Hatua za Nyeupe zimepotelea wapi?

Hesabuni kwa kidole. Askofu wa Nyeupe amekwenda d3, c4, kisha d3 tena: hatua tatu kufika pahali pa hatua moja, mbili zimepotea. Malkia amekwenda d2 kisha e2: moja imepotea. Jumla tatu. Kwa Nyeusi, askofu amekula c5 kisha akarudi d6: moja tu. Tatu kutoa moja ni mbili, na hizo mbili ndizo ngome ya d8 pamoja na zamu. Mwanafunzi akiliona hilo kwa macho yake, hamtahitaji tena kumwambia asichezeshe kipande kimoja mara mbili bila sababu.

Rudini nyuma sasa kutafuta sababu, maana hatua hazikupotea kwa bahati. Baada ya 10.Qd2 ficheni hatua inayofuata na ulizeni: Nyeusi icheze nini? Wengi watasema 10...dxc4. Ikichezwa, askofu wa f1 anaruka moja kwa moja hadi c4 na hajapoteza chochote. Rubinstein alicheza 10...Qe7 akasubiri. Askofu alipojitokeza d3, ndipo akala c4, na kwa b5 akamrudisha alikotoka. Mtauliza: je, askari wa d5 hakuachwa wazi? Aliachwa kama chambo. 11.cxd5 exd5 12.Nxd5 Nxd5 13.Qxd5 Be6, na malkia wa Nyeupe analazimika kukimbia huku ngome za Nyeusi zikienda c8 na d8, mfalme wa Nyeupe akiwa bado e1. Na malkia wa d2 alihama kwa nini? Alikaa kwenye safu ya d, ambayo ingefunguka siku askari wa d5 angeondoka. Ngome ilipofika d8, kila mwendo wa askofu wa d6 ungekuwa tishio juu ya safu ile. Kwa hiyo kosa la hatua ya 14 lilifanyika hatua ya 10.

Wengi wangefunga kitabu hapo, kwa kuwa "ufunguzi umeisha". Msifanye hivyo, endeleeni:

15...Ne5 16.Nxe5 Bxe5 17.f4 Bc7 18.e4 Rac8 19.e5 Bb6+ 20.Kh1 Ng4 21.Be4 Qh4 22.g3 Rxc3 23.gxh4 Rd2 24.Qxd2 Bxe4+ 25.Qg2 Rh3

Nyeupe ikakubali kushindwa, kwa kuwa h2 haizuiliki. Vijana watapiga kelele kwa kafara ya malkia, na waacheni washangilie. Wakitulia, waulizeni kila kipande kilichoua kilifika lini. Askofu wa b7 alifika hatua ya 14, ngome ya d8 hatua ya 13, ngome ya c8 hatua ya 18. Mishazari yote miwili ya askofu ilifunguliwa na Nyeupe yenyewe: e3 alipokwenda e4 akaachia njia ya kutoka b6 hadi g1, na alipokwenda e5 akaachia njia ya kutoka b7 hadi h1. Aliyechelewa kutoa vipande hafungui njia katikati ya bodi, maana wa kwanza kupita hapo ni adui. Hiyo ndiyo kanuni ya ufunguzi, na imeonekana hatua ya 19. Ndiyo sababu nasisitiza mchezo usomwe mpaka mwisho.

Kuhusu kusahau asubuhi: usiku unaposoma, macho yanafuata na akili inakubali. Hakuna mahali ulipolazimika kutoa kitu kutoka kichwani. Badilisha utaratibu huo hivi. Chukua mchezo uliochapishwa (kurasa mbili, fotokopi kwenye duka lolote la stesheneri mjini Masasi) na kipande cha kadibodi cha kufunikia. Pitia kwanza mchezo mzima kwa dakika 10 bila kusoma maelezo, ujue tu ulianzaje na uliishaje. Mara ya pili funika, na kuanzia hatua ya 4 andika utakachocheza upande wa mshindi kabla ya kufunua. Kila hatua dakika mbili, ngumu dakika tano. Ukipatia, alama 2. Ukitaja hatua ambayo mfafanuzi ameitaja kwenye matawi yake, yaani hatua mbadala za kwenye mabano, alama 1. Baada ya kufunua ndipo usome maelezo ya hatua hiyo peke yake. Asubuhi, kabla ya kugusa karatasi, panga bodi na ucheze mchezo kutoka kichwani. Utakwama mahali. Andika namba ya hatua uliyokwamia, kwa sababu hapo ndipo hukuelewa, hata kama usiku ulidhani umeelewa. Rudia siku ya 3, ya 7 na ya 21.

Maelezo yenyewe yasomwe kwa mpangilio. Mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na yana tabaka mbili: sentensi za sababu, na matawi ya hatua kwenye mabano. Mzunguko wa kwanza, pigeni mstari chini ya kila sentensi inayosema kipande kinakwenda pale ili kifanye nini, au kwa sababu gani. Matawi yaacheni. Mzunguko wa pili chukueni matawi mawili au matatu tu, na myacheze kwenye bodi ya pili ili bodi ya kwanza ibaki na mchezo wenyewe. Kosa la kurudisha vipande vibaya baada ya tawi refu limewaharibia wengi masomo: wanaendelea na mchezo usiokuwepo. Kama bodi ya pili haipatikani, weka sarafu kwenye mraba kilikotoka kila kipande unachokisogeza.

Zingatieni pia alama: ! ni hatua nzuri, !! nzuri sana, ? kosa, ?? kosa kubwa, ?! ya mashaka, !? inayostahili kuchunguzwa. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye mafunzo mengi kwenye ufunguzi, kwa kuwa mfafanuzi anakiri kwamba ipo njia zaidi ya moja. Na mjue kwamba mfafanuzi anaandika akijua nani alishinda. Hatua za mshindi zinapata sifa zaidi ya stahili yake, za aliyeshindwa zinalaumiwa. Kwa hiyo kwenye michezo kumi ya ufunguzi mmoja, chagueni saba ambayo upande wenu ulishinda na mitatu ambayo ulishindwa. Mitatu hiyo itawaonyesha mpinzani anataka nini.

Sasa Kiitaliano chenu chenyewe. Msikitupe, ni ufunguzi mzuri kwa vijana. Kiandikeni upya kwenye kaunta buku kwa sentensi za Kiswahili, sentensi moja kwa hatua, zisizozidi maneno 15. Kutafsiri kunalazimisha kuelewa. Asiyeelewa hawezi kuandika "ili". Mfano wa njia tulivu:

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5 4.c3 Nf6 5.d3 d6 6.O-O O-O

4.c3: naandaa d4, na pia nampa askofu wangu njia ya kurudi c2. 5.d3: namlinda e4 kwanza, d4 itakuja nikishajipanga. Kisha mpango: ngome inakwenda e1, farasi wa b1 anazunguka d2, f1, g3. Hapa mpangilio una maana kuliko hatua yenyewe. Ngome ikibaki f1, farasi hana pa kupita. Farasi akikaa d2 anamfungia askofu wa c1, kwa hiyo asikae pale muda mrefu. Lakini ngome ikiondoka f1, mraba wa f2 unabaki na mfalme peke yake, na Nyeusi inaweza kuleta farasi g4 ikishirikiana na askofu wa c5. Jibu ni Re2, kisha h3 kumfukuza. Ambaye hapendi usumbufu huo atangulize h3. Mkiandika hayo matatu, mpinzani akibadilisha mpangilio wake mtajua kipi cha kuwahisha na kipi cha kuchelewesha. Askofu wa c4 naye ahakikishiwe mlango: Nyeusi ikitishia kumbadilisha kwa farasi wa a5, awe na b5 pa kwenda, au awe ametangulia b3 ili arudi c2.

Jibu jingine mtakalokutana nalo sana ni 3...Nf6, na hapo 4.Ng5 inashambulia f7. Baada ya 4...d5 5.exd5, mpinzani asiyejua atakula 5...Nxd5, na kuna 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ Ke6 8.Nc3 lenye mashambulizi makali. Anayejua atacheza 5...Na5, na baada ya 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 Nyeupe ina askari mmoja zaidi lakini Nyeusi inatoa vipande vyake haraka. Kama kijana hapendi kulinda, acheze 4.d3 na arudi kwenye mpango uleule wa farasi kwenda g3. Hiyo ndiyo faida ya kusoma mpango: milango miwili, chumba kimoja.

Simu na bando. Mchezo mmoja kwa faili la PGN, ambalo ni maandishi matupu, una ukubwa wa kama kilobaiti moja bila maelezo. Michezo elfu moja ni megabaiti moja hivi. Acheni video, bando linaisha na kichwani hakibaki kitu. Lichess, tovuti ya sataranji, ni ya bure, haina matangazo, na ina sehemu ya kutengeneza somo lenye sura hadi 64: sura moja, mchezo mmoja. Pia ina kitafutio cha funguzi kinachoonyesha magwiji walicheza nini kwenye kila hali ya bodi. The Week in Chess, jarida la mtandaoni, imekuwa ikitoa michezo ya kila wiki tangu 1994, bure. Kwenye simu ya Android, programu ya DroidFish inafungua PGN na ina injini, yaani kikokotoo cha hatua bora, inayofanya kazi bila mtandao, kwa hiyo hata mkiwa Nanyumbu bila mnara mnaweza kusoma. Mkitafuta kwenye hifadhidata tumieni namba za kimataifa za funguzi, zinazoanzia A00 hadi E99: Kiitaliano kiko C50 hadi C54, na ile ya 3...Nf6 iko C55 hadi C59. Chujeni michezo iliyoisha kabla ya hatua ya 40, kwa sababu mirefu zaidi mara nyingi iliamuliwa mwishoni, mbali na ufunguzi.

Injini, kama Stockfish, iwashwe mwisho kabisa, mkishaandika sababu zenu. Itawapa namba bila neno. Tofauti ya chini ya 0.3 kati ya hatua mbili msiijali: kwa kiwango chenu haina athari, na kijana anayebadilisha ufunguzi kwa ajili ya 0.2 hataujua hata mmoja. Tofauti ikizidi 1.0, yaani takriban thamani ya askari mmoja, simameni na mtafute kilichowapita. Wafafanuzi wa zamani walifanya kazi bila injini, na mara nyingine kuna tawi lenye kosa la wazi. Kijana akilikamata, mpe kalamu aliandike pembeni.

Kwa vijana tisa na bodi tatu, wapange watatu kila bodi: mmoja ndiye mwenye karatasi na anafunua, wawili wanabashiri bila kuzungumza, wakiandika. Wakitofautiana, kila mmoja atetee yake kwa sentensi moja kabla ya kufunua. Badilishaneni mwenye karatasi kila hatua 10. Vikao vitatu kwa wiki vya dakika 75, mchezo mmoja kwa wiki: Jumatatu kubashiri, Jumatano matawi na daftari, Ijumaa wachezeane kuanzia hali ya hatua ya 8 ya mchezo huo, mara mbili, wakibadilishana rangi. Ijumaa isiachwe. Ufunguzi usiochezwa ndani ya siku tano za kusomwa unayeyuka. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, jioni nyingi watakuwa mashambani wakiokota. Punguzeni kiwe kikao kimoja cha kurudia michezo iliyokwisha kusomwa, bila kuongeza mipya.

Na daftari liwe na sehemu ya pili, ya michezo yenu wenyewe. Kila mchezo wa mashindano uandikwe, na jioni yake ujibiwe mambo matatu tu: nani alitoka kwanza nje ya tunachokijua, kwenye hatua ya ngapi, na swali gani hatukuliuliza pale. Kisha tafuteni kwenye Lichess mchezo mmoja wa gwiji wenye hali hiyohiyo na mwone yeye alijibu nini. Hatua yake iandikeni kwa wino mwekundu kando ya yenu, pamoja na "ili" yake.